Baraza la Wiki: Kontena la Betri na Sahihi ya Kamati



Usiku wa kuamkia Jumamosi nililetewa bahasha kutoka kisiwani, na aliyeileta ni kijana wa nahodha wa mashua ya abiria. Ndani mlikuwa na mkataba wa kurasa 4 na barua fupi ya katibu wa kamati ya kijiji. "Ami," aliandika, "tumechanga, na ndugu zetu walioko Ghuba wametuunga mkono. Sasa tumempata mwenye kutuletea kontena la betri, litumike pamoja na paneli za sola kuwasha zahanati, pampu ya maji, mashine ya barafu ya wavuvi, msikiti na madrasa. Anataka sahihi zetu baada ya sala ya Ijumaa ijayo, pamoja na nusu ya fedha. Tafadhali utazame, utwambie kama una kasoro."

Nimeutazama. Maelezo yote ya kitu kinachonunuliwa yamo katika mstari mmoja: "kontena moja la betri, kilowati 100, kilowati-saa 300, la ubora wa hali ya juu, pamoja na vifaa vyake vyote." Kurasa zilizobaki zinahusu malipo. Nilimpigia simu alfajiri: "Mwanangu, msitie sahihi bado." Nikamwahidi kwamba sababu zangu nitazieleza hapa barazani, kwa kuwa kamati yake si ya pekee. Biashara hii imefika pwani, na wauzaji wanapita kijiji kwa kijiji. Jina la kijiji nimeliacha kwa ombi lake.

Msomaji asidhani kwamba nanena kwa kusoma vitabu pekee. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmoja wa watu 7 waliotia sahihi karatasi mfano wa hii kwa ajili ya kituo cha afya cha kijiji chetu. Kontena lilipofika tulilipokea kwa halua na kahawa. Kwa miezi 14 taa ziliwaka. Mwezi wa 15, katika joto la kaskazi, kiyoyozi cha ndani ya kontena kilikufa: chumvi ya bahari ilikuwa imekula mabomba yake. Betri zikapata joto kupita kiasi, na mfumo wenye kuzilinda ukafanya kazi yake kwa kujifunga. Kuufungua kulihitaji neno la siri. Neno hilo alikuwa nalo fundi mmoja, na fundi huyo alikuwa amekwisha kuacha kazi kwa mwanakandarasi wetu. Tulipodai dhamana tukajibiwa kwamba imevunjika, kwa sababu betri zimepita kiwango cha joto kilichoruhusiwa, na hilo lilikuwa kweli. Na kwamba matunzo ya kiyoyozi hayakuwa juu ya mwuzaji, na juu ya hilo mkataba wetu ulinyamaza kimya. Kwa zaidi ya mwaka muuguzi wetu alizalisha wanawake kwa mwanga wa simu, iliyoshikwa na yeyote aliyekuja na mzazi. Kontena lingali pale. Kuku hutagia humo. Katika mkataba ule sahihi yangu ni ya tatu kutoka juu.

Basi tuanze na kilichomo sandukuni. Kontena la namna hii, aghalabu la futi 20, yaani kama mita 6 kwa urefu, huwa na kabati za betri, nyingi siku hizi zikiwa za lithiamu na fosfati ya chuma. Mfumo wa kielektroniki unaoichunga kila seli. Inveta inayougeuza umeme wa betri uwe wa kutumika majumbani. Kiyoyozi au mfumo wa maji wa kupoza. Vitambuzi vya moshi na gesi. Na programu inayoamua lini betri zijazwe na lini zitoe. Uzuri wake ni kwamba vyote hufungwa na kujaribiwa kiwandani, kisha huja vikiwa kitu kimoja. Hili si jambo la ndoto kwetu. Kule Kiunga, tangu mwaka 2018, shirika la GivePower la Marekani limejenga mtambo wa kuondoa chumvi katika maji kwa nguvu ya jua na betri. Kwa hiyo siukatai ufundi huu hata kidogo. Ninachokikataa ni ule mstari mmoja.

Mstari ule una namba mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Kilowati ni upana wa bomba. Kilowati-saa ni ujazo wa tangi. Bomba pana likiwa na tangi dogo litamwaga kwa kishindo na kukauka kabla ya sala ya isha. Tangi kubwa lenye bomba jembamba litadumu usiku kucha, lakini pampu haitazunguka. Sharti namba zote mbili zitokane na mahitaji yenu, si na orodha ya bei ya mwuzaji. Nilimwuliza katibu: hizi 100 na 300 mlizipataje? Akasema ndizo alizozitaja yule bwana.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Katibu aliazima mita na kukaa nayo penye jenereta la kijiji usiku wa Jumapili na wa Jumatatu. Tangu saa kumi na mbili na nusu za jioni hadi saa nne na nusu za usiku, jenereta linapozimwa, mita ilionyesha takriban kilowati 40. Za baada ya hapo hadi jua kuchomoza tulizikadiria kwa kuhesabu mashine ya barafu, majokofu, na taa na vifaa vya zahanati, tukapata wastani wa kilowati 15. Hesabu yake ni nyepesi: saa 4 kwa 40 ni 160, saa 8 kwa 15 ni 120, jumla kilowati-saa 280 kwa usiku mmoja.

Atakayesikia 280 atasema kontena la 300 linatosha na kusaza. Hapana. Betri haikamuliwi mpaka tone la mwisho. Tuchukue kwamba asilimia 90 ndiyo inayoruhusiwa kutumika, zabaki 270. Njiani, katika inveta na nyaya, tuseme hupotea asilimia 5, zabaki kama 256. Betri nayo huzeeka kama sisi; wauzaji wengi hudhamini asilimia 70 au 80 ya uwezo baada ya mwaka wa 10. Tukichukua 80, zabaki 205. Kwa maneno mengine, kontena lile lingeshindwa kuvusha usiku tangu siku ya kwanza, na katika mwaka wa 10 zahanati ingeingia gizani kabla ya saa nane za usiku. Anayetaka 280 zitoke penye mita katika mwaka wa 10 hana budi kununua karibu 410. Wala mwuzaji hakusema uongo. 300 zimo. Yeye amehesabu zilizomo ndani, nanyi mnaishi kwa zitokazo nje.

Yako mengine ambayo mita ya usiku mmoja haiyaonyeshi. Mota ya kompresa ya mashine ya barafu, inapoanza kuzunguka bila ya kifaa cha kuiamsha polepole, huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya ule wa kawaida yake, kwa sekunde chache tu. Kompresa ya kilowati 15 ikigutuka hivyo wakati kijiji kizima kimewasha taa, inveta ya 100 huenda ikajifungia. Mtu wa zahanati hataelewa kwa nini taa zimezimika, na fundi atakuja kesho na kukuta kila kitu ni kizima. Kifaa cha kuiamsha mota polepole si ghali. Kisipoandikwa hakiji.

Na kuna siku za masika, mawingu yanapokaa juma zima. Kununua betri za kuvuka siku zote hizo ni israfu. Jenereta lenu la zamani msiliuze. Liandikeni katika mkataba, kwamba mfumo mpya utaunganishwa nalo, na kwamba litawaka lenyewe betri zitakapofika kiwango fulani.

Sasa niingie katika jambo lililonifanya nicheke peke yangu nilipousoma mkataba, cheko la huzuni. Imeandikwa kwamba kontena litakabidhiwa "Mombasa". Basi. Kutoka Mombasa hadi kisiwani nani alibebe? Kontena tupu la futi 20 lina uzito wa zaidi ya tani 2. Likijazwa betri, inveta na kiyoyozi kwa kiasi tunachokizungumza huzidi tani 8 kwa urahisi. Gati yetu haina winchi. Jahazi la mbao halipakii kitu cha namna hiyo, na hata likipakia, hakuna wa kulishusha. Bandari ya Lamu iliyofunguliwa mwaka 2021 inao uwezo wa kushusha, lakini kutoka pale hadi ufukweni kwenu mnahitaji tishari lenye mdomo wa kufunguka, maji ya bamvua ili lifike karibu, njia ngumu ya kupita gari la kuvuta, na bahari isiyo na kusi kali. Yote hayo yana gharama na yana msimu wake. Mkisaini leo, na meli ikafika katikati ya kusi, kontena litakaa bandarini huku ada za kuhifadhi zikipanda kila siku, na kila mtu atasema si lake.

Pana njia ya pili, nami naipendelea kwa visiwa vidogo: badala ya kontena moja zito, kuagiza kabati kadhaa ndogo ambazo kila moja inaweza kuingia mashuani, kisha kuzisimamisha chini ya banda la mawe lenye kivuli. Hupoteza ile faida ya kila kitu kujaribiwa kiwandani kikiwa kimoja, na ufungaji wa pale mahali huchukua muda zaidi. Lakini kabati moja ikiharibika hubebwa na watu 6 hadi gatini; kontena halibebwi na mtu.

Mahali pa kuliweka nako si pa kuchaguliwa kwa macho. Tazameni alama ya bamvua kubwa kuliko zote anayoikumbuka mzee wa kijiji, kisha inueni msingi juu yake. Betri za lithiamu hupenda joto la kiasi cha nyuzi 25. Sanduku la chuma juani pwani hupita hapo mapema asubuhi, na kiyoyozi kikifanya kazi kutwa nzima nacho hula umeme uleule mliounununua. Paa la makuti au mabati juu ya kontena, lenye nafasi ya upepo kupita kati yake, ni jambo rahisi lenye faida kubwa. Na chumvi, iliyotumaliza sisi: rangi na vyuma viandikwe kuwa vya daraja la pwani na baharini, ambalo mafundi hulijua kama C5 katika kanuni za kimataifa za rangi ya kuzuia kutu, na matundu ya hewa yasielekee kusi.

Nimerudia mara nyingi neno "iandikwe", na wapo watakaoniona mzee mwenye wasiwasi. Lakini sisi ni watu ambao aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kitabu chetu inahusu kuandikiana deni. Na kadhia hii ina jina katika fiqhi: kuagiza kitu ambacho hakijatengenezwa, kwa sifa na bei inayojulikana, ni istisnaa. Wenzetu wa madhehebu ya Hanafi waliikubali zamani. Katika madhehebu yetu ya Shafii muamala huu ulitazamwa kwa masharti ya salam, ambamo bei hutolewa yote katika majlisi ya mkataba. Mwaka 1992 Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah, iliamua kwamba istisnaa hufunga pande zote mbili, mradi jinsi ya kitu, aina yake, kiasi chake, sifa zake na wakati wa kukabidhi vimebainishwa. Kwamba bei yaweza kucheleweshwa au kulipwa kwa mafungu. Na kwamba yafaa kuweka sharti la fidia ya kuchelewa, isipokuwa kwa dharura iliyo nje ya uwezo. Sina haja ya kumwongezea katibu hoja nyingine. "Ubora wa hali ya juu" si sifa. Ni gharari. Kila mmoja wa sahihi 7 zetu aliielewa kwa namna yake.

Kwa hiyo sifa ziandikwe kwa kitu kinachoweza kupimwa mbele ya watu. Mimi ningeandika hivi, kwa hesabu ya 410: siku ya makabidhiano betri zijazwe, kisha zitoe kilowati 40 mfululizo, zikipimwa kwenye mita iliyo baada ya inveta, na zidumu kwa muda usiopungua saa 8 na dakika 45. Jaribio hilo lirudiwe kila mwaka. Katika mwaka wa 10 zidumu saa 7. Zikipungua, mwuzaji ataongeza betri au atarudisha fedha kwa kiwango kilichokubaliwa. Jaribio kama hili halihitaji mhandisi kutoka Ulaya. Linahitaji siku moja, mita yenye muhuri, na watu wawili waaminifu wenye saa. Mwuzaji akililikataa, mmekwisha kulipata jibu lenu kabla ya kutoa shilingi.

Malipo yafuate kazi. Nusu ya fedha kwa sahihi tupu ni kumpa mtu mwari na mahari kwa pamoja. Mgawanyo niupendao ni asilimia 20 mwanzo, nayo dhidi ya dhamana ya benki, ili mwuzaji akitoweka benki irudishe; 30 baada ya majaribio ya kiwandani kushuhudiwa, hata kama ni kwa picha za video, na mzigo kupakiwa melini; 20 ukifika kijijini na kusimama juu ya msingi wake; 20 baada ya kufaulu jaribio na kufanya kazi siku 30 bila ya kukatika; na 10 zibaki mkononi mwenu kwa miezi 12. Sisi tulikuwa tumelipa yote kabla halua haijaisha, ndiyo maana barua zetu zilijibiwa kwa adabu na bila ya vitendo.

Juu ya muda, neno moja. Mwaka 2017 huko Australia Kusini, baada ya jimbo zima kuzimikiwa umeme mwaka uliotangulia, kampuni ya Tesla iliahidi kusimamisha betri kubwa ya megawati 100 kwa siku 100, ama iwe bure. Ilitimiza. Lakini saa ya kuhesabu siku ilianza kugonga pale mkataba wa kuunganishwa na gridi ulipotiwa sahihi, mwishoni mwa Septemba, ilhali uwanjani kazi ilikwisha kuanza. Hakuna hila katika hilo. Waliandika saa ianze lini, na saa ikaanza hapo. Mkataba wa katibu unasema "miezi 4". Tangu lini? Tangu sahihi, tangu fedha kuingia benki, tangu meli kuondoka? Kila jawabu ni mkataba mwingine.

Moto. Najua wapo akina mama wanaosoma gazeti hili ambao watauliza hilo kwanza, na wana haki, maana madrasa ya watoto iko karibu na uwanja uliochaguliwa. Betri za aina niliyoitaja si nyepesi kuwaka, lakini si muhali. Mwezi wa Aprili mwaka 2019, katika mji wa Surprise, jimbo la Arizona, Marekani, betri ndani ya nyumba yake mfano wa kontena zilipata joto zikaanza kutoa gesi. Dawa ya kuzima moto ilimwagika kama ilivyopangwa, lakini gesi ziliendelea kujikusanya ndani bila ya pa kutokea. Wazimamoto walipofungua mlango, zililipuka, na kadhaa wao wakajeruhiwa vibaya. Mwaka 2021, karibu na Geelong nchini Australia, kontena la betri liliwaka wakati wa majaribio, likaambukiza la pili. Maji ya kupoza yalikuwa yamevuja ndani, na kwa kuwa lilikuwa limezimwa kwa muda, mifumo ya kulichunga haikuwa ikitazama. Hakuna aliyeumia.

Hayo mawili yanatupa maswali ya kumwuliza mwuzaji wetu, tena kwa maandishi: gesi zitatokea wapi, ni nani anayelitazama kontena tangu linaposhuka tishari hadi siku ya makabidhiano, na ripoti ya jaribio la kuwaka kwa seli, lile lijulikanalo kama UL 9540A, iko wapi. Kisha umbali kutoka madrasani, ua wa kuzuia watoto, na vijana 4 au 5 wa kijiji wafundishwe jambo moja kuu: mlango wa kontena linalotoa moshi haufunguliwi. Hilo ningetaka lisemwe hata msikitini.

Funguo na maneno ya siri ni milki ya mnunuzi. Naliweka peke yake kwa sababu linaniuma. Siku ya makabidhiano, kamati ipewe neno la siri la ngazi ya juu ndani ya bahasha iliyofungwa, pamoja na michoro, orodha ya vipuri, na haki ya kuzisoma taarifa za mfumo bila ya kumwomba mtu. Mwuzaji akiwa na uwezo wa kuuzima mfumo kutoka mbali, mkataba useme ni kwa sababu gani tu anaweza kufanya hivyo, na kwa taarifa ya siku ngapi. Matunzo ya kiyoyozi, kuoshwa chumvi, kubadilishwa vichujio, viandikwe ni juu ya nani na kila baada ya muda gani, kwa kuwa dhamana ya betri huning'inia juu ya vitu hivyo vidogo.

Ya sheria nitayapitia upesi. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 haimtaki mtu leseni kwa umeme wa matumizi yake mwenyewe usiozidi megawati 1. Lakini siku kamati itakapomvutia jirani waya na kumtoza, imekuwa mwuzaji wa umeme, na ni lazima iende kwa EPRA kabla ya waya huo, si baada yake. Anayefunga sola naye awe na leseni ya EPRA. NEMA waulizwe kuhusu mazingira, na KEBS kuhusu cheti cha ubora kabla mzigo haujaondoka ng'ambo. Kodi hubadilika kila sheria ya fedha inapopita bungeni, basi mkataba useme mabadiliko hayo yatabebwa na nani. Kabla ya yote, uliza ofisi ya kaunti kama kijiji chako kimo katika mradi wa serikali wa sola kwa kaunti 14, ambazo Lamu, Tana River, Kilifi na Kwale ni miongoni mwake. Ni aibu kuchangisha wajane kwa kitu ambacho kimekwisha kupangiwa fedha.

Yupo atakayesema: mzee, kazi yote hii kwa kijiji kimoja? Ajirini mhandisi asiyekuwa na uhusiano na mwuzaji, kwa siku chache, ausome mkataba na kushuhudia jaribio. Nasi katika kamati yetu tulipendekezewa hilo. Tuliona ni gharama isiyo na haja.

Nilikuwa nimefika hapa katika kuandika, Jumanne baada ya magharibi, katibu aliponipigia. Kumbe hakukomea kwenye mita. Alikuwa amezima kifaa kimoja baada ya kingine penye jenereta na kuandika kila kimoja kinakula nini. Katika zile kilowati 40 za jioni, 15 ni za mashine ya barafu peke yake, na katika zile 15 za usiku tulizozikadiria, 10 ni zake. "Ami," akauliza, "kwani barafu ni lazima ifanywe usiku?"

Si lazima. Hufanywa usiku kwa sababu jenereta huwashwa usiku. Jua likiwepo, mashine yaweza kufanya kazi mchana moja kwa moja kutoka kwenye paneli, na barafu ikakaa katika sanduku lenye kuta nene hadi wavuvi wanapotoka alfajiri. Ondoa mashine hiyo: jioni zabaki 25 kwa saa 4, ni 100, usiku 5 kwa saa 8, ni 40. Jumla 140, nusu kamili ya hesabu yetu ya kwanza. Betri zinazohitajika hazifiki hata 210, na kontena la 300 ambalo lilikuwa halitoshi sasa linazidi. Huenda lisiwe kontena kabisa. Huenda ikawa kabati chache zinazoingia mashuani. Kinachohitajika kuongezwa ni paneli za mchana, nazo hazina mlango wa kulipuka wala neno la siri.

Ijumaa hii hapatakuwa na sahihi. Patakuwa na mkutano wa kuziandika sifa upya, na yule bwana amealikwa ili ajibu. Muuguzi wa zahanati naye ameomba neno lake liwe la kwanza katika mkataba, kabla ya bei: kwamba betri zikikaribia kwisha, programu ianze kuzima taa za barabarani, kisha msikiti na madrasa, kisha pampu, na kwamba chumba cha kuzalia na jokofu la chanjo viwe vya mwisho kabisa. Imamu amekubali.